Abiria Nisiowafinyanga

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Leo nimepata akili. Imechelewa njiani, lakini imefika.

Tangu hili soko huria lianze, Bashiru ameleta mashine ya kusafisha picha za rangi, kaiweka mkabala na studio yangu hapa Mirongo, na wateja wote wamevuka barabara. Hata maharusi niliowapiga picha za ubatizo! Mimi na picha zangu nyeusi na nyeupe tumebakiwa na watu wa pasipoti. Wilhelmina, mke wangu, amesema wazi: nisipopata kazi ya maana mwezi huu, studio inafungwa, tunahamia kwao Kwimba kulima pamba. Pamba! Mikono hii!

Sasa. Mzee Maige anafungua hoteli karibu na stesheni. Anatafuta picha za kale za stesheni ya Mwanza, enzi za treni ya moshi, apambe ukumbi. Atakayezileta atapiga picha za harusi zote hotelini pale. Bashiru anazunguka mjini kuziulizia. Mimi siulizii. Nitaijenga stesheni uani kwangu, ndogo, ya mwaka 1954, kisha niipige picha. Nani atajua?

Jumatano, 3 Agosti

Mambo yanakwenda vizuri mno. Reli: spoku za baiskeli. Mataruma: njiti za kiberiti. Kichwa cha treni ni kopo la dawa ya mbu nililolipaka masizi upande mmoja, ule utakaoonekana. Mabehewa ni pakiti za sigara. Ziwa ni kioo cha kujipambia cha Wilhelmina (hajajua). Mawe nimeokota Ilemela. Mawe ya Mwanza hata yakikaa kiganjani bado ni mawe ya Mwanza.

Nimefinyanga watu kwa udongo: mkuu wa stesheni aliyeshusha mikono chini, mchukuzi, na mama mwenye mwavuli. Mbele ya jengo nimeweka benchi na mkono wa ishara ya treni, nyuma yake nimepanga vijumba vya msonge vya nyasi. Sijui kama vilikuwepo. Vinapendeza.

Mama mkwe yuko kwetu tangu Jumapili. Kwa heshima ya ukwe hanitazami usoni wala hanisemeshi. Akiwa na neno kwangu anamwambia kuku, yule mwekundu aliyekuja naye kutoka Kwimba. Leo alimuuliza kuku vile vijumba ni vya nani. Kwao, alimweleza, vijumba vidogo uani hujengewa waliotangulia, na mjengaji hutaja jina la mwenye nyumba siku hiyohiyo. Kisipotajiwa mwenyewe, huingia yeyote anayepita. Nikamwomba kuku amjibu kwamba hivi ni vya biashara. Kuku alinitazama vibaya.

Ijumaa, 5 Agosti

Asubuhi nimekuta unga wa mtama umemwagwa mbele ya mlango wa stesheni. Nimefoka. Kwenye picha unga utaonekana theluji. Mwanza na theluji wapi na wapi? Wilhelmina akasema mama yake kawakaribisha wageni tu. Wageni gani, sikuuliza.

Nimepiga za kwanza. Nililala kifudifudi, lenzi usawa wa abiria wangu, tundu lake dogo kabisa, nikaiacha wazi muda mrefu huku napuliza moshi wa sigara kwa mrija wa soda. Picha ya namna hiyo haimshiki mpita njia. Humshika aliyetulia.

Chumba cha giza. Karatasi ikaingia kwenye dawa, na stesheni ikajitokeza. Jamani! Paa, mawe, ziwa. Mkuu wa stesheni. Mchukuzi. Mama wa mwavuli. Na mwanamume aliyekaa kwenye benchi, kofia juu ya goti.

Mimi sikufinyanga mtu wa benchi.

Nilitoka mbio hadi uani. Benchi tupu. Nilipoligusa lilikuwa na vuguvugu, na jua lilikwishahama upande ule. Nikajiambia ni doa la dawa. Lakini doa lina vifungo vya koti. Kiatu chake cha kushoto hakina kamba. Niliogopa, nakiri, nikakaa chini kwenye unga. Halafu nikafikiri vizuri: kumfinyanga mtu kama huyu kungenichukua siku nzima, na huyu amekuja bure. Nimemwacha.

Jumamosi, 6 Agosti

Wamejaa! Wanaume wenye mablanketi begani, masanduku ya mbao, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Uani hakuna kitu, kwenye karatasi hakuna pa kukanyaga. Treni iko nyuma yao, wala hakuna anayeitazama. Wote wananitazama mimi.

Mama wa mwavuli, wangu wa udongo, kwenye picha amesukumwa hadi ukingoni mwa jukwaa. Nimekwenda kutazama. Na uani pia yuko ukingoni. Nimemrudisha katikati. Baada ya chai nimemkuta ukingoni tena, sasa mwavuli umevunjika.

Nimeziloweka picha kwenye chai ya rangi zikazeeka miaka arobaini. Mchana Bashiru akapita eti kunisalimia. Akaziona kambani, akauliza nimezipata wapi. Nikamwambia ni za marehemu mjomba. Uso ulimshuka! Jioni nikajilaza kidogo; sijalala raha hivi tangu Krismasi, ingawa uani kulikuwa na watu wanakohoa.

Jumatatu, 8 Agosti. Nane Nane.

Nimempelekea Mzee Maige. Alizitazama amesimama, kisha akatafuta kiti. Kidole chake kikatua kwenye mtu wa benchi. Akasema ni baba yake.

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Baba yake alikwenda manamba, kukata katani Tanga, yeye Maige akiwa mtoto, na hakurudi wala hapakuja habari. Mama yake alisikiliza kila treni mpaka alipokufa. Na ile kamba ya kiatu, akasema, aliichomoa yeye kufungia mpira wake wa makaratasi asubuhi ya safari, akaogopa kusema, baba akaondoka na kiatu kinachopwaya. Hilo hajawahi kumwambia mtu yeyote.

Akaniuliza picha ilipigwa siku gani. Nikasema Jumanne. Kwa nini nilisema Jumanne? Akaitikia kwa kichwa, akalia palepale mbele ya mafundi wake wa rangi. Niliona aibu mbaya. Nilitaka kumwambia kweli, badala yake nikampa pole. Kufika nyumbani nilikuwa nimeshaanza kuziwaza zile harusi.

Jumatano, 10 Agosti

Habari imeenea. Watu wanagonga mlango tangu alfajiri, wanataka kutazama kama wa kwao yumo. Gladness muuza dagaa kampata kaka yake. Wazo: nimpigie kila mtu mpotevu wake, saizi ya postikadi!

Mama mkwe alizungumza na kuku kwa muda mrefu. Alimwambia hao ni waliofia njiani na majumbani kwao hawana pa kushukia. Mjinga mmoja amewafungulia gesti. Wapewe maji, waagwe, waambiwe wamefika, ndipo vijumba vibomolewe. Na upesi, kwa sababu nyumba isiyotajiwa mwenyewe mwishowe hukamata jina la aliyeijenga. Nikamwambia kuku: baada ya mkataba.

Jioni balaa. Bashiru alipanda ukuta kwa nyuma akaipiga stesheni yangu kwa rangi, kutoka upande mbaya! Picha yake inaonyesha kopo, njiti, pakiti za sigara, na yule mbu aliyechorwa kwenye kopo, mkubwa, kakunja miguu. Benchi tupu. Ameipeleka moja kwa moja kwa Mzee Maige.

Nimeanza kuzoea neno Kwimba.

Alhamisi, 11 Agosti

Walikuja asubuhi. Mzee Maige mbele kavaa suti, Bashiru nyuma kavaa tabasamu. Nilijifungia chooni. Wilhelmina akanitoa.

Nilingoja kofi. Mzee hakunitazama. Alichuchumaa na suti yake kwenye vumbi, akaliangalia kopo, akamwangalia mbu, akaliangalia benchi. Kisha akamwamkia mama mkwe shikamoo, akamuuliza baba yake anangoja nini pale. Mama mkwe akamjibu mwenyewe, bila kuku. Akasema anangoja aambiwe kwamba safari imekwisha.

Basi Mzee Maige akaongea na lile benchi kwa sauti ya chini. Akamwambia baba yake kwamba mama amelala makaburini Mkolani na pembeni yake nafasi imewekwa. Akamwambia kamba ya kiatu aliichukua yeye, amsamehe. Akalibandua benchi, akalifunga kwenye leso, akatembea taratibu hadi getini. Pale akalifungua geti lote wazi, akasimama kando kidogo, kama unavyompisha mtu mzima, ndipo naye akatoka. Bashiru aliruka pembeni kupisha. Tabasamu halikuwepo tena. Mimi nililia, na sioni haya kuandika.

Mzee alirudi hatua chache akaniambia kazi ya harusi ni yangu. Akasema mimi ni mwongo, lakini nimemrudishia baba. Sharti moja: kabla ya Jumapili kwisha, stesheni ibomolewe kama mama mkwe anavyoelekeza. Nikaapa. Wilhelmina akanishika mkono. Hatuendi Kwimba!

Jumapili, 14 Agosti

Mama mkwe ameondoka na basi la asubuhi. Aliniachia kibuyu cha maji ya kuwaagia, akamwelekeza kuku maneno ya kusema, akamwapisha. Kuku naye kaondoka. Nimebaki na maji.

Nimebomoa. Kiasi. Nimeng'oa mkono wa ishara na kijumba kimoja kilichokuwa kimepinda tangu mwanzo. Zaidi ya hapo ni uharibifu. Jana kuna bwana wa Ilemela kaniulizia picha za kale za bandari, na ziwa ninalo tayari! Nihamishe reli kidogo, nifinyange meli, basi. Maji ya kibuyu nimechanganyia dawa, kwa kuwa bomba halitoi leo.

Nimepiga picha moja ya mwisho, ya ukumbusho. Imekauka sasa hivi, ninayo mkononi.

Jukwaa limebaki tupu. Wote wamo ndani ya mabehewa, madirishani, wamejisogeza kupishana nafasi. Mlango mmoja umeachwa wazi. Mkuu wa stesheni, niliyemfinyanga mikono chini, ameinua bendera. Na kwenye ngazi ya behewa, mguu mmoja juu, yupo bwana mwenye mkoba wa kamera, kavaa shati la mistari lililochanika kwapa. Shati ni langu. Mchaniko ni wangu. Nami nilikuwa nimelala nyuma ya kamera.

Nimeitazama sana. Mwanga umekaa vizuri, moshi safi kabisa. Kasoro ni hiyo moja tu, kwamba kageuza mgongo, na picha ya mgongo nani ataitundika? Kesho jua likitoka nitampiga tena. Nitamwambia asipande kwanza, ageuke huku, atulie.