Jungu la Vita la Bibi Mbuke

Fikirini hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Yeye aliukuta umerudishiwa tu.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ya Geita ilipowapanda watu kichwani, njia ikajaa wachuuzi. Fikirini naye alitoka Shinyanga kutafuta baiskeli, maana Chiku, mchumba wake, alimwambia waziwazi: "Njoo kwetu na baiskeli, au baki huko huko." Kando ya njia akaona msonge mkubwa, hauna mtu. Akafagia ua, akajifunga kilemba, akasimama mlangoni.

"Karibuni nyumba ya marehemu mtemi, babu yangu mzaa baba! Kiingilio kuku. Anayekalia kigoda chake, dhahabu humfuata kama inzi afuatavyo maziwa!"

Kitendawili: mtego wangu humnasa mwenye kuutega. Jibu ninalo, wajukuu zangu, tulieni.

Kuku wakajaa banda. Tajiri mmoja akakubali kutoa baiskeli kwa kuku hao. Siku hiyo hiyo akaingia Akida, mchuuzi wa vitambaa, fimbo mkononi, na wenzake nyuma.

"Na hili jungu jeusi?"

"Ngoma ya vita. Ilipolia, maadui walikimbia mpaka Nkome."

Akida akaligonga, akalinusa. "Mbona inanuka mlenda?"

"Vita vilikuwa virefu, mzee. Askari walikula humo humo."

"Ajabu," ikasema sauti mlangoni. "Mimi natoka Nkome, sikuwakuta hao maadui."

Alikuwa Bibi Mbuke, kikapu cha dagaa kichwani, anarudi kutoka kumwona binti yake aliyejifungua huko Nkome. Msonge ulikuwa wake. Jungu lake. Kigoda alikikalia akikamua ng'ombe. Akatazama kilemba, akatazama banda la kuku, akatua kikapu taratibu.

"Mwenyeji nani hapa?"

"Mimi, bibi. Shikamoo. Mjukuu wa mwenye nyumba."

"Marahaba. Kweli?"

"Ametuapia!" akasema Akida.

"Basi mimi ndiye mjane wa mwenye nyumba." Akamrukia Fikirini shingoni. "Jamani, mume wangu!"

Bibi humwita mjukuu mume, nani asiyejua? Wageni wakashangilia. Fikirini akaitazama fimbo ya Akida. Akikana undugu, fimbo. Akikubali, kuku kwaheri. Ulimi, wajukuu: ndio jibu la kitendawili changu.

"Ndiyo... mke wangu," akasema, kama anameza mfupa.

"Na kuku wote hawa umenikusanyia mimi?"

"Wewe tu."

"Mume ndiye huyu! Sasa vua kilemba, karanga zangu zimezidiwa na magugu. Jembe liko nyuma ya ngoma ya vita."

Akalima mpaka msimu ukaisha, Akida akipita na kumsifu: "Mjukuu mwema!" Kuku wakabadilishwa kwa baiskeli, ikawa ya Bibi Mbuke, lakini hakujua kuiendesha, na binti yake yuko mbali.

Ndipo Chiku alipoletewa habari na wapita njia.

"Fikirini wako kapata baiskeli, tena mpya! Tumemkuta njia ya Nkome."

"Anakuja lini?"

"Hapo hatujui, dada. Alikuwa amempakia mkewe."