Mtumbwi Mkavu Kuliko Yote

Jumatatu, 21 Aprili 1952

Mvua imekwisha. Ziwa Nkulusi limejaa mpaka kwenye mizizi ya mikuyu. Na leo, habari kubwa! Asubuhi mwanangwa Ngollo, mkuu wa kijiji, ametukusanya barazani kwake akatangaza kwamba msimu wa mitumbwi utafunguliwa Jumamosi ya tarehe tatu Mei. Tena mwaka huu Bwana Shauri, mkuu wa wilaya ya Tabora, ameagiza ziwa liwe na Msimamizi. Kazi yake kuwazuia wanaovua kwa sumu ya utupa, wanaofua kwa sabuni penye maji ya kunywa, na wanaokata matete ambamo samaki huzaa. Atapewa filimbi. Atapewa kofia!

Kofia yenyewe nimeiona kwa macho yangu mezani kwa mwanangwa. Ya kaki, ina beji, imekaa juu ya gazeti. Nikaizunguka meza mara mbili.

Miaka kumi na tisa nimepunga bendera stesheni ya Tabora. Siku ya kustaafu walinipa mkono, wakachukua kofia. Filimbi nayo wakaichukua. Nikahamia huku Nkulusi, kwao mke wangu, na huu ni mwezi wa kumi na nne hakuna mtu aliyenyanyuka kwenye kigoda nilipopita. Nasema kweli kwa sababu humu hasomi mtu: inaniuma.

Mwanangwa ameweka sharti. Anayeitaka kazi atapiga kafi siku ya ufunguzi, azunguke ziwa zima kupitia Jiwe la Wapagazi upande wa pili, pale misafara ya zamani ilipokuwa ikitua pembe za ndovu ili watu wanywe maji. Arudi bila kuvunja tete hata moja, na mtumbwi uwe mkavu ndani. Tumejitokeza wawili. Mimi, na Tobias fundi mitumbwi. Huyo Tobias akasema mbele za watu kwamba Mzee Raymundi anasahau, treni haivuji. Watu wakacheka.

Wacheke tu.

Jumanne, 22 Aprili

Ushindi ni wangu. Nimeupata kabla ya saa tatu asubuhi.

Nilikwenda kuutazama mtumbwi wangu, ule niliouziwa mwaka jana na mzee Shilinde, akaniahidi kunitunzia. Uko wapi? Ndani ya maji! Umezamishwa penye kina kifupi, umejazwa mawe. Nikadhani ni hujuma. Kumbe mitumbwi yote ya kijiji iko hivyo hivyo, kumi na mmoja, imelala chini na samaki wadogo wanapita juu yake. Nilimuuliza mzee Shilinde ndio utunzaji gani huu. Akanijibu kwamba ndivyo walivyofanya babu zake.

Nilijua! Babu zake hawakufanya kazi relini. Mti ukilowa unakuwa mzito. Mti ukikauka unakuwa mwepesi. Chepesi kinakwenda kasi. Mtoto wa darasa la pili anaelewa.

Shemeji Eustace, kaka wa mke wangu, amenisaidia kutoa mawe na kuuburuta mpaka uani, maana nyumba yetu iko ukingoni kabisa. Njiani alianza kusema, shemeji, lakini. Nikamwambia asukume. Tumeuweka juu ya matofali, jua linaupiga kutwa.

Mke wangu Bernadeta akatoka jikoni. Akautazama mtumbwi, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Nikamwambia mambo ya vyombo vya usafiri aniachie mwenyewe. Akaufunga.

Jioni nimeuzungushia uzio wa nyasi kavu. Tobias akipita asije akaiba mbinu.

Ijumaa, 25 Aprili

Baiskeli mpaka Tabora. Dukani kwa Kanji, mtaa wa Ng'ambo, kutafuta rangi. Kanji akauliza kama rangi ni ya bati au ya mti. Nikamwambia ni ya uongozi. Akafikiri kidogo, akaniletea kopo jekundu lililobaki alipopaka mlango wa ghala lake. Nyekundu! Rangi inayosimamisha treni nzima. Itashindwa kumsimamisha Tobias?

Kurudi nimepitia Ipuli kwa rafiki yangu Alois, fundi wa malori. Nimemweleza wazo langu la pili, ambalo hata mimi limenishangaza kwa ukali wake. Grisi! Gurudumu linateleza kwa nini? Kwa grisi. Basi mtumbwi ukipakwa grisi tumboni utateleza vilevile. Alois akakohoa, nadhani kwa wivu, kisha akanipa kopo zima. Akaongeza na donge la lami lililobaki alipoziba paa. Nikasema lami ya nini. Nikaichukua.

Jumapili, 27 Aprili

Misa ndefu. Padre amehubiri juu ya unyenyekevu. Nilitazama alipokaa Tobias nione kama yanamwingia.

Baada ya misa nikaona nianze kazi mapema, watu wanizoee. Pale tunapochota maji ya kunywa nikamkuta mwanamke ameinama anafua shuka kwa sabuni, povu mpaka kwenye mtungi wa jirani. Nikamtangazia kwamba ziwa lina mwenyewe sasa. Nikamnyang'anya sabuni. Watu wakatua mitungi yao. Nikasema moyoni, naam, heshima imerudi.

Alikuwa Apolinaria. Dada yake mwanangwa Ngollo.

Saa nane nimeirudisha sabuni, na mche mwingine mpya juu yake. Apolinaria amepokea yote miwili bila kusema asante. Mwanangwa alisema hakuna Msimamizi mpaka tarehe tatu, na kwamba dada yake atafulia mbali kuanzia leo. Kwa hiyo nimelinda ziwa! Hilo wanalisahau.

Wakati wa kula Bernadeta akasema ana neno moja tu kuhusu ule mtumbwi. Nikamwambia aliweke mpaka tarehe nne.

Jumanne, 29 Aprili

Mtumbwi umeanza kusema. Ta! Unanyamaza. Ta! Wakati wa jua kali unasema zaidi. Nimekaa kando yake saa nzima kuusikiliza, na nimeelewa. Mti unajikaza. Hata mimi magoti yananilia hivyo nikinyanyuka, na bado nina nguvu.

Kuna mstari mmoja umetokea chini, kutoka mkiani mpaka katikati. Kidole changu kidogo kinaingia. Kidole cha shahada nacho kinaingia. Nimeyeyusha lami nikaujaza, nikapaka rangi juu. Hauonekani. Ndiyo maana niliichukua lami; akili yangu hutangulia, mimi naifuata baadaye.

Eustace alipita akachungulia kwenye uzio. Akaondoka ameshika kichwa.

Alhamisi, 1 Mei

Tobias mwenyewe amekuja! Alisimama nje ya uzio akanipa shikamoo yake ya kebehi, nikaitikia marahaba ya kweli. Akauliza kama ni kweli wasemavyo watu, kwamba nimeutoa mtumbwi majini siku tisa zilizopita. Nikamwambia asubiri Jumamosi. Akasema angependa kunishauri jambo, kwa nia njema. Nia njema! Wa kwake bado umelala chini ya mawe, atautoa kesho kutwa alfajiri, umelowa chapa chapa. Nilimhurumia kidogo. Nikamwambia ashauri mawe yake.

Mchana nimepaka grisi. Kopo lote. Bernadeta alisimama mlangoni muda mrefu mikono kiunoni. Hakufungua mdomo. Ameanza kuniamini.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika nimejifunga kanga ya mke wangu. Nguo zangu zote ziko kwenye kamba.

Nitaandika kama yalivyotokea, historia isije ikapotoshwa. Ufukweni watu walikuwa wengi, mpaka wa kutoka Nzega. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanangwa Ngollo ameshika kofia mkononi. Mtumbwi wangu ulipotokea, mwekundu, unang'aa, vigelegele vikakatika. Nadhani hawajawahi kuona kitu kama kile. Mwanangwa akauchungulia ndani, akapitisha kiganja, akatangaza kwamba hajapata kuona mtumbwi mkavu kuliko huu. Yaliyobaki ni maneno ya watu. Hilo alilitamka yeye.

Nikaanza vizuri mno! Grisi ilifanya kazi. Mpaka nusu ya ziwa nilikuwa mbele ya Tobias, na watu wananiita kwa jina. Raymundi! Raymundi! Nilifikiri wananishangilia. Baadaye Eustace amenieleza walikuwa wananionyesha nyuma yangu, ambako maji yalikuwa yamefuata mtumbwi kwa utepe mpana wa mafuta, rangi zote za upinde wa mvua, na makombo ya lami yanaelea.

Karibu na Jiwe la Wapagazi nikasikia ta! kubwa. Miguu ikapoa. Nikatazama chini nikaona ziwa. Ule ufa ulikuwa umefunguka wote, lami imelainika kwa jua na kuchomoka. Mtumbwi ukakatika vipande viwili kwa urefu, nikabaki katikati nimeshika kafi. Namshukuru Mungu Jiwe lilikuwa karibu. Nilipanda juu yake, palepale wapagazi walipokuwa wakitua mizigo, na nikakaa.

Tobias akapita. Alicheka hata kafi ikamponyoka mkono mmoja. Akageuka anitazame vizuri zaidi, na katika kugeuka huko mtumbwi wake ukaingia kwenye matete yenyewe, ule upande wanaozalia perege, ukayalaza chini eneo la kutosha ua wa nyumba. Ndege wakaruka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nikacheka na mimi.

Lakini kicheko kikaniishia. Upepo ulikuwa unasukuma ile grisi yangu taratibu ukingoni, inaelekea mahali pa kuchotea. Maji ya kijiji kizima. Maji ya watoto wa Eustace. Mimi niko juu ya jiwe na sina hata kopo. Sitaki kuandika nilivyojisikia. Nilijisikia vibaya sana.

Ndipo nikaona mtumbwi unakuja. Bernadeta! Alikuwa kwenye mtumbwi wa Apolinaria, umelowa sawasawa kama mingine, na ndani amerundika uzio wangu wote wa nyasi. Anatupa nyasi juu ya mafuta, zinanyonya, anaziopoa kwa tenga, anasonga mbele. Sikujua anapiga kafi hivyo. Miaka ishirini na mbili ya ndoa! Alifuata utepe wangu hadi Jiweni, akanionyesha pa kukaa, akaendelea kuyafukuza mafuta upande wa pili, akipinda kwenye kila kichaka cha matete bila kugusa hata jani, mpaka akayakamata yote hatua ishirini kutoka mahali pa kuchotea.

Tulipotia nanga, yaani tulipofika, mzee Shilinde ndiye aliyegundua. Akasema huyu mama amezunguka ziwa lote. Amepita Jiweni. Hakuvunja tete. Mwanangwa Ngollo akachungulia ndani, akaona maji. Watu wakaguna. Akauliza maji haya ni ya nani. Bernadeta akaninyooshea kidole, nilikuwa nachuruzika. Mwanangwa akaamua kwamba maji yale yametoka kwangu, hayakutoka ziwani, na mtumbwi ni mkavu.

Akamvika kofia.

Kilichofuata sikuwahi kukiona. Watu wote walisimama. Apolinaria alipiga kigelegele cha kwanza. Tobias naye alisimama, tope mpaka magotini.

Jumapili, 4 Mei

Leo ni tarehe nne, kwa hiyo nimemwambia Bernadeta aseme lile neno lake. Akasema limeshapitwa na wakati.

Kisha akapiga filimbi. Mimi na Tobias ndio kesi yake ya kwanza. Tobias atapanda matete upya. Mimi nitazunguka ziwa kwa miguu nikiokota lami, wiki mbili. Tulianza pamoja baada ya misa. Tobias ananiuliza kila saa kama nimepata kofia. Nikamjibu iko nyumbani kwangu, imetundikwa msumarini, sebuleni. Ya kwake iko wapi? Akainamia matete yake.

Jumamosi, 17 Mei

Adhabu imekwisha. Lami ndoo mbili na nusu. Tobias amemaliza kupanda matete yake mapema akaondoka. Ziwa ni safi, na mkono wangu umo.

Kwa kweli hali yangu ni nzuri. Ninapopita na Bernadeta watu wananyanyuka. Nikiwa nyuma yake kidogo naweza kuhesabu kwamba wanatunyanyukia wote wawili. Asubuhi akiwa shambani huwa naivaa ile kofia, dakika chache tu, mbele ya kioo. Inanikaa.

Juzi mwanangwa amempa mtumbwi wa kazi, mpya, umechongwa na Tobias. Jana Bernadeta amesafiri kwenda Nzega kwa ubatizo wa mtoto wa mdogo wake aitwaye Tekla. Atarudi baada ya mwezi. Kabla ya kuondoka ameuzamisha mtumbwi huo penye kina kifupi, akaujaza mawe. Mke wangu! Msimamizi wa Ziwa zima, na bado anafuata mambo ya babu zake.

Nimefikiri sana juu ya kilichonipata, maana mtu mwenye akili hufikiri. Nimeliona kosa langu. Muda! Siku kumi na moja ni chache, mti ulikuwa haujamaliza kukauka ndani. Ungepata mwezi mzima usingepasuka.

Nimemwita Eustace. Amekataa, kasema ana homa. Haidhuru. Mawe nimeyatoa peke yangu, na mtumbwi nimeuburuta mwenyewe mpaka juu ya matofali. Jua ni zuri. Akirudi atakuta zawadi.

Sasa hivi nimeusikia. Ta!