Dari ya Manyoya ya Beberu

Ndugu zangu wa Mang'ula, asifiwe Mungu aliyetupa jua la kuanikia mpunga, akatupa na akili ya kulikwepa. Ameniweka hai hadi siku hii ya aibu yangu, nami namshukuru.

Leo nimeumbuka.

Mnalijua kanisa la kigango chetu hapa Viwanja Sitini, Ifakara. Tangu tuondoe nyasi na kuezeka bati, saa sita mchana ni tanuri. Akina mama wa mafundisho ya ubatizo wameanza kutoroka, na mimi ndiye katekista wao. Nikaiomba kamati ya kanisa ruhusa ya kutengeneza dari: vipande bapa vya udongo, pumba za mpunga na manyoya ya mbuzi. Manyoya hushika udongo usipasuke, tena huzuia joto. Kamati ikakubali kwa sharti moja. Leo saa sita waje wakae chini yake. Isipofaa, niibomoe kwa mikono yangu.

Manyoya nilipewa na mchinjaji. Nikachagua ya mabeberu watupu, marefu na yenye nguvu. Sikuyaosha. (Nilijiambia mafuta yake yatafukuza maji. Mjuaji!) Harufu sikuisikia, kwa kuwa ugoro wa miaka mingi umeimaliza pua yangu.

Saa sita ikafika. Nje jua linachoma. Ndani, ndugu zangu, ubaridi kama wa kisimani! Nikavimba kichwa, Mungu anisamehe.

Mwenyekiti wa kamati, Mama Kresensia, akavuta pumzi. Akakagua soli za viatu vyake. Jirani yake akakagua zake. Benchi zima likainua miguu!

"Baba Katekista," akasema, "humu ndani umefuga beberu?"

"Hapana, mama. Hii ni nyumba ya sala."

"Una hakika?"

"Mungu ni shahidi wangu."

(Sijui kwa nini nilimtaja Mungu.)

Papo hapo akaingia mbuzi jike. Akapita katikati ya mabenchi bila kumjali mtu, akasimama chini ya dari, akainua kichwa, akalia kwa mapenzi. Akaingia wa pili. Wa tatu na wa nne walikuja mbio! Joto la bati lilikuwa limeiamsha harufu, nayo ikawaita majike wa mtaa mzima.

"Wanamtafuta mume wao," akasema Mzee Libori wa kamati. "Katekista, wafundishe ndoa!"

Watu wakacheka hadi machozi. Nikakiri kosa langu mbele ya kamati na mbele ya mbuzi. Nikachukua nyundo, nikapanda ngazi nibomoe. Ahadi ni ahadi.

"Shuka!" akafoka Mama Kresensia. "Nani kakutuma? Tumekaa hapa saa nzima. Umemwona mtu ametoka nje?"

Nikatazama. Hakuna aliyetoka. Hata mbuzi walikuwa wamejilaza, wanacheua.

"Harufu itaisha," akasema. "Jua la Ifakara haliishi. Dari inabaki! Na nyumbani kwangu unakuja lini? Ila manyoya nitayaosha mwenyewe."

Wakapiga makofi, na mimi juu ya ngazi nikajifuta machozi. Jumatatu mafundisho yanaendelea. Akina mama wanarudi, ila wametaka mlango uwekwe komeo.

Basi, msinicheke. Mkishindwa kujizuia, mnicheke taratibu, mimi ni mzee. Nawe usomaye haya, Mungu aipoze nyumba yako, akujalie na majirani wanaocheka kisha wakaiacha kazi yako isimame. Amina.