Habari za Mwiko Uliotekwa na Mbabula Iliyowekwa Mateka

Njooni karibu, enyi watu wa Likasi, wa Panda na wa Kikula, nanyi mlioshinda mashimoni Kamatanda mpaka nyusi zenu zikawa rangi ya udongo. Tueni mabeleshi, futeni jasho, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Nawe, moshi wa makaa, uliyewaliza mashujaa wengi kuliko panga zote, nakusihi uingie katika kalamu hii, nisimulie bila kukohoa jinsi Magloire Mkaza-Nati, Simba wa Zamu ya Asubuhi, mume wa Adrienne na baba wa Daniella, alivyovuka mpaka wa jirani akarudi na mwiko.

Ndiyo, mwiko. Anayetaka kucheka aondoke sasa, atuachie nafasi kwenye benchi.

Nao haukuwa mwiko wa kusongea ugali, tuuitao bukari, wa watu watatu. Uliposimamishwa ulifika kiunoni mwa mtu mzima, na bapa lake lilikuwa pana kama kasia. Baba yake Adrienne, mzee wa Kapolowe, aliuchonga kwa mkono wake mwezi aliomwoza binti; akafa mwaka uliofuata, na mjane wake, Mama Suzanne, akamwambia Magloire maneno matano tu: "Hii njo baba yenu sasa," yaani huyu ndiye baba yenu.

Ikawa, miaka mitano iliyopita, katika kiangazi, vita vikazuka kati ya parcelle mbili, viwanja viwili vya majirani, juu ya ndoo ipi itangulie kwenye bomba la mtaa, lililokuwa moja tu wakati ule. Vita hivyo, ambavyo wanahistoria wa avenue yetu huviita Wiki Tatu, viliisha kwa pigano la alasiri moja. Magloire aliliingia akitoka kazini, na njaa yake tumboni. Mkewe akamsukumia mikononi silaha ya kwanza iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa ule mwiko, bado umeshika unga. Shujaa akapiga hatua mbili, akakanyaga tope la vita, akaanguka chali kwa kishindo cha mnara. Alipoinuka, mikono yake ilikuwa mitupu, na mwiko ulikuwa ukiingia mlangoni mwa jirani zake, Jean-Claude na mkewe Fortunée, kwa vigelegele. Adrienne naye, akirudi nyuma kwa heshima zote za kijeshi, alinyakua mbabula ya Fortunée, lile jiko lake la makaa lenye miguu mitatu, akakimbia nalo likiwa na moto.

Kisha amani ikaja kama amani nyingi zijavyo, yaani kwa uchovu. Mvua iliangusha ukuta wa katikati, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuujenga tena. Msiba ulipoingia kwa Jean-Claude, Magloire alikaa na waombolezaji siku tatu. Tangu hapo wakasalimiana, wakaombana chumvi, wakachekeana. Lakini mkataba wa amani, ambao haukuandikwa popote, uliwasahau mateka. Mwiko ukabaki ng'ambo, tena ukapewa kazi: Jean-Claude aliufanya komeo la mlango. Mbabula ikabaki huku. Na kila aliyekwenda kuomba chumvi alitazama pembeni, asije akaona kitu chake.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mwisho wa dunia, kama Daniella asingefikia umri wa komunyo ya kwanza. Ijumaa ikafika simu kutoka Kapolowe: Mama Suzanne anakuja Jumapili, atasonga bukari ya sherehe kwa mkono wake mwenyewe na kwa mwiko wa marehemu.

Magloire akahisi ardhi ya Likasi, ambayo tayari ina mashimo ya kutosha, ikichimba lingine chini ya viatu vyake. Miaka mitano mama mkwe alikuwa akiulizia ule mwiko, na miaka mitano alikuwa akimjibu, "Iko salama, mama. Mwizi hawezi kupita." Wala hakuwa amesema uongo.

"Mimi, minye mwenyewe, njo niliiangusha," akamwambia mkewe. "Minye njo nitaenda kuikamata."

"Enda," akasema Adrienne. "Mais, lakini usiende na sura ya kuomba, Papa Daniella. Kintu yetu ni yetu."

Basi kesho yake alasiri akavaa koti la misa, akasimama juu ya matofali ya ukuta ulioanguka, akapaza sauti: "Ee Jean-Claude, jirani, voisin wangu, muntu tulilia naye kilio moja! Nakuya mbele yako bila silaha. Dimanche mutoto iko na komunyo, na mama mukwe anakuya. Naomba mwiko ya baba yetu irudie kwao!"

Jean-Claude alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anachokoa meno. Akajiinua polepole, kama waziri anayesikia kamera zimewashwa.

"Papa Daniella, umesema muzuri, tena muzuri sana. Mais twende polepole. Kurudisha ni neno kubwa. Kwenu ile mwiko ilikuwa inalala chini, muchwa anaikula. Nani anaipakaka mafuta ya ngazi, mawese muzuri, kila mwezi? Minye. Batu ya avenue yote banaijua pa hii mulango. Ikienda kule, nani ataiona?"

"Mama mukwe ataiona."

"Na muko na mahali bien, muzuri, ya kuiweka? Pasipo panya, pasipo moshi?"

"Ni mwiko, Jean-Claude. Inaishi mu moshi."

Jean-Claude akatafakari, akatupa kile kijiti, akatoa silaha yake kuu. "Bon. Siye hatuko batu babaya. Tutakuazima. Leo samedi mpaka lundi, Jumatatu asubuhi. Ukiipasula, unatengeneza."

Kuazima! Neno hilo likampiga shujaa wetu kifuani kuliko ngumi yoyote ya Wiki Tatu. Na msimulizi asifiche: "ndiyo" ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi. Aliiona Jumapili imekwisha vizuri, mama mkwe ameshiba, ameondoka. Kisha akaiona Jumatatu, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, anampeleka baba mkwe kurudi kufunga mlango wa watu.

"Hapana," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyokusudia. "Baba ya muntu haiazimwake."

Hapo sauti ya Fortunée ikanguruma kutoka ndani: "Na mbabula yangu, Papa Daniella? Yenyewe haina baba?"

Shujaa akarudi kwake, akamweleza mkewe kwa unyenyekevu kwamba mbabula itabidi iende. Adrienne alikuwa anachekecha unga. Chekecheo likasimama hewani.

"Mbabula gani ya Fortunée? Ile ya Fortunée ilikufaka zamani! Miguu tatu, mbili niliweka minye. Matundu ya chini, nilitoboa minye. Tena kule kwake ingefanya nini? Yeye anapika na courant, na umeme!"

Magloire akaitambua. Ilikuwa hotuba ya Jean-Claude, nzima, isipokuwa hii ilivaa kitenge.

"Na tena," Adrienne akamalizia, "iko kazini. Maji iko juu. Haitoke hapa."

Ndipo, Jumamosi ile ile, saa tisa alasiri, likatendeka tendo. Magloire, ambaye katika miaka kumi na minane kiwandani hajawahi kukaidi hata kibao cha kukataza kutema mate, alishika matambara mawili, akainama, akainyanyua mbabula na moto wake na sufuria yake na maji yake, akavuka mpaka. Cheche zilimtangulia kama askari wa mbele. Nyuma yake alikimbia Adrienne na beseni la unga kwapani, akipiga kelele, "Maji yangu! Sufuria yangu! Papa Daniella, umerogwa?"

Akaitua katikati ya uwanja wa Fortunée. Na maji, kana kwamba yalikuwa yakingoja kufika ugenini, yakachemka.

Watu wazima wanne wakayazunguka. Unga ulikuwa kwa mmoja, mwiko ulikuwa mlangoni kwa mwingine, na katikati mvuke ulipanda bure mbinguni. Mtaniambia majenerali wa dunia wanavumilia mengi. Lakini mama wa Likasi, hata awe na vita gani, hawezi kutazama maji ya bukari yakikauka.

"Maji inapotea," akasema Fortunée.

"Niko naona," akasema Adrienne.

"Basi mwaga unga."

"Basi leta mwiko."

"Mais, mulango yangu..." akaanza Jean-Claude.

"Nyamaza!" wakasema wanawake wote wawili pamoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu vita.

Fortunée akauchomoa mwiko. Adrienne akamwaga, Fortunée akasonga. Mmoja alipochoka mwingine akapokea, bila kuangaliana, wakihema kama wapiga makasia. Bukari ikasimama, ikaliwa na sombe, kisamvu cha Fortunée, na kwa nusu saa hakuna aliyetoa hotuba.

Lakini sahani zilipokwisha, historia ikarudi ikakaa katikati yao. Mkono wa Adrienne ukasogea kuelekea mbabula. Mkono wa Jean-Claude ukasogea kuelekea mwiko. Fortunée akaiona mikono yote miwili.

"Mbabula ingali na moto," akasema, akitazama mawingu. "Muntu habebake moto mara mbili mu siku moja. Ataungua. Ibakie tu."

Mkono wa Adrienne ukasimama njiani. Akaitazama ile miguu miwili aliyoiweka mwenyewe. Na hapo, wasikilizaji wangu, vita vingeweza kuanza upya.

"Mwiko nayo iko muchafu," akasema hatimaye.

"Kwangu maji imekatika," akajibu Fortunée, huku bomba lake likidondoka nyuma yake, to, to, to, kila mtu anasikia. "Papa Daniella akaioshee kwenu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyerudisha, hakuna aliyeazima, hakuna aliyeshindwa: mbabula ilibaki kwa kuwa ina moto, na mwiko uliondoka kwa kuwa ni mchafu. Mataifa yenye mabalozi na mahema yenye viyoyozi yangehitaji miaka thelathini kufika hapo.

Magloire akaubeba begani, akachuchumaa kwenye bomba lake mbele ya avenue nzima, akakunja mikono ya koti la misa, akaanza kusugua. Bukari iliyokauka ikatoka. Mafuta ya ngazi ya miaka mitano yakatoka. Na hapo pikipiki ikasimama mlangoni, na juu yake, siku moja kabla ya wakati, Mama Suzanne na kikapu chake cha mihogo.

Mkwe mwenye adabu hamtazami mama mkwe usoni. Magloire akainamisha kichwa, akazidi kusugua. Mama Suzanne akashuka, akasimama. Alimwona mtu wa kiwanda, baba wa familia, amechuchumaa majini hadharani anauosha mwiko wa marehemu mumewe.

"Adrienne," akaita. "Anaioshaka yeye mwenyewe?"

Adrienne alikuwa anavuka matofali, unga mpaka kwenye viwiko. Akamtazama mumewe, akamtazama mama yake.

"Yeye mwenyewe, mama."

"Kila siku?"

Adrienne akakohoa. Mama Suzanne hakungoja jibu. Alikuwa ameshajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Andikeni, basi, enyi wenye kalamu. Miji mingine ina majenerali wa shaba juu ya farasi. Siku ile, saa kumi na moja kasoro kidogo, Magloire Mkaza-Nati aliosha mwiko, akaugeuza, akaosha na upande wa pili.