Kompyuta ya Hamid Iandikwe Mke Mwenza

Rukaiya binti Wakil,
Mpendae, Unguja.

Kwa Mheshimiwa Sheha wetu,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo wewe na Bi Fathiya na watoto, na ule mguu wako umepoa. Mimi ni mzima wa kiwiliwili. Roho ndiyo iliyonileta kwako.

Nakuletea mashtaka dhidi ya mume wangu, Mwalimu Hamid, unayemjua vyema. Tangu astaafu kusomesha ameivamia kompyuta aliyoletewa na mwanetu Nadir. Ule uso wake, pale inapowaka kabla hujafungua kitu, ameujaza vijidirisha, na kila kimoja kinavuta habari zake mtandaoni: kimoja mvua, kimoja saa, kimoja matokeo ya mpira. Asubuhi hukipeleka kimoja kulia, mchana hukirudisha kushoto, jioni hukibadilisha rangi. Pazia la ukumbini limekatika kamba tangu mwezi wa Mfunguo Tatu, hilo hajaliona.

Mimi si mtu wa kusemasema, na majirani wakikwambia vyengine wasikudanganye. Madai yangu ni haya:

1. Miaka thalathini na minne, Hamid akitaka kujua kama kutanyesha huniuliza mimi. Mimi mtoto wa pwani ya Bwejuu, mvua naijua kabla haijajijua. Sasa anakiuliza kijidirisha. Juzi kimemwonesha jua, akatoka na kanzu ya pasi kwenda harusini Chukwani. Alirudi anachuruzika. Unadhani aliilaumu kompyuta? Thubutu! Alisema mvua ile haikuwemo.

2. Ameweka saa tatu: ya Muscat, ya London na ya Toronto, kwa kuwa tuna jamaa huko. Anajua Muscat washakula na Toronto bado wamelala. Mimi na sahani ya wali tumesimama nyuma yake, habari zetu hana.

3. Jioni ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani, mtaa mzima tulikuwa nje shingo juu. Yeye yuko ndani na kijidirisha chake cha mwezi, akatupigia kelele kuwa ushaandama, tena asilimia zake anazo. Mawingu yalikuwa mazito, Sheha, na wewe mwenyewe ulikuwepo. Niliona aibu nikajifanya natafuta kiatu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Chini ya vijidirisha vyote hivyo ipo picha yangu, aliyonipiga Idi Pili. Aliiweka mwenyewe, kwa mapenzi yake. Leo mvua imenikaa kwenye kipaji cha uso, Muscat iko mdomoni, na matokeo ya mpira yamenifunika macho yote mawili. Nimebakishiwa sikio moja na herini yake. Nilipomwambia, alinijibu kuwa hapo katikati ndipo panaposomeka vizuri. Nililia, sikufichi.

Basi, kwa kuwa Hamid anaamka nayo, anashauriana nayo, anaipamba, na akishamaliza anaifunika kwa mtandio wangu wa hariri isiingie vumbi, naomba kompyuta hiyo iandikwe rasmi kuwa mke mwenza. Ukewenza siukatai, mamangu aliishi nao na alikufa na heshima zake. Ninachotaka ni uadilifu. Zamu mbili kwake, mbili kwangu. Siku ya zamu yake Hamid ale kwake: ipike, ifue, imkande mgongo, na wageni wa Toronto wakija iwatandikie. Siku ya zamu yangu izimwe, na isichungulie.

Na ikishindwa kupika, wala sitaki ionewe. Ipewe talaka yake kwa wema irudi kwa aliyeileta.

Nasubiri hukumu yako kwa subira iliyobaki, nayo si nyingi. Nisalimie Bi Fathiya, mwambie ukili wake wa mkeka nshamaliza kuusuka. Wasalimie na wazee wa barazani, hata wale wanaomtetea Hamid.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Rukaiya binti Wakil

Nyongeza: Ulitangaza kuwa mashtaka yaje yamechapwa. Nyumbani kwetu anayejua kuchapa ni mmoja tu, na mashine ndiyo hiyo hiyo. Kwa hiyo maneno haya nimemsomea Hamid naye akayachapa, jioni tatu, tumekaa bega kwa bega. Dai la kwanza alilipinga, tukabishana mpaka chai ikapoa. La tatu alicheka mpaka akapaliwa. La nne alilichapa polepole, kisha akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Tulipomaliza aliniomba nimsomee tena tangu mwanzo, ati hakusikia vizuri. Alisikia kila neno, namjua. Nikamsomea. Hukumu, Sheha, usiiharakishe.