Bolti za Masudi

Jumatano, 9 Juni 1954, Kindu

Rafu za chuma zimefika! Zimeshushwa gatini zikiwa vipande vipande. Za mbao zililiwa na mchwa mpaka magunia ya mchele yakalala chini. Chuma watakitafuna vipi? Bwana Roger, Mbelgiji mwenye ghala letu, amesema Masudi ajenge safu ya kushoto, mimi ya kulia. Jumatatu atakagua. Mwenye safu imara atakuwa kapita, msimamizi wa vibarua wote, na kapita anapewa nyumba ya matofali, sakafu ya saruji! Kwetu mvua inapita katikati ya kitanda. Nimemwambia mke wangu Odile aanze kufunga vyombo. Kapita Anaclet! Linapendeza mdomoni.

Alhamisi, 10 Juni

Balaa. Sanduku langu la bolti nililifungua palepale gatini ili nimtangulie Masudi. Nusu zimetumbukia mtoni, Lualaba. Safu yangu inayumba. Nikikohoa, inaitika.

Masudi naye hana haraka. Kila bolti anaichovya kwanza kwenye kopo la mawese, eti unyevu wa mto usiitie kutu. Nikamuuliza kwa sauti, wote wasikie, kama anajenga rafu au anapika mboga ya sombe. Akatabasamu tu. Silipendi tabasamu lile.

Ijumaa, 11 Juni

Adhuhuri Masudi alikwenda msikitini. Akaniomba mimi, mimi kabisa, nimlindie kazi yake. “Ndugu Anaclet, unichungie. Niko narudia mbio.”

Nimemchungia! Nimechomoa bolti za juu na za nyuma, mahali jicho halifiki, nikazikaza kwangu. Zilizobaki nimezificha. Safu yangu sasa imesimama wima kama padri altareni.

Masudi amerudi na vitumbua vya mkewe Aziza, akanipa kwa kunishukuru. Moyo uliniuma kidogo. Kisha nikala cha pili.

Jumapili, 13 Juni

Baada ya misa Odile amewatangazia majirani wote habari za nyumba. Kitanda chetu amempa Clémentine wa jirani. Nikamwuliza kwa nini haraka hiyo. Akasema kapita halali kwenye kitanda cha kamba. Mwanamke mwenye akili sana.

Jumatatu, 14 Juni

Nilivaa suruali nyeupe ya kanisani. Mfukoni nikatia zile bolti zilizobaki, safu yangu isije ikalegea mbele ya mkubwa.

Bwana Roger alitikisa safu yangu. Kimya! Akaitazama ya Masudi, akataka mtu apande mpaka juu. Nikamsukuma Masudi kwa macho. Masudi akasema, “Apande Anaclet, Bwana. Yeye njo aliichunga, anaijua.” Mpaka sasa sijui kama alisema kwa wema.

Nikasema goti linauma. Bwana Roger akaangalia saa. Nikapanda. Nilimwita Bikira Maria, kisha nikamwomba na Mungu wa Masudi, kwa usalama zaidi. Rafu ikainama taratibu, ikanimwaga juu ya magunia ya mchele.

Sikuvunjika. Lakini watu wote walikuwa wanaitazama suruali yangu. Mfuko mwekundu! Bolti zikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Bwana Roger, zinang’aa mawese. Na Kindu nzima ni nani anayepaka bolti mawese?

Nilifukuzwa papo hapo. Masudi ndiye aliyeniombea: “Bwana, iko na mutoto. Tumuache.” Niliona haya, haya ya kweli. Ilidumu mpaka saa ya chakula.

Jumatano, 16 Juni

Kapita Masudi amehamia kwenye nyumba ya saruji. Clémentine amekataa kurudisha kitanda, anasema alichopewa amepewa. Tunalala chini, mimi, Odile na mtoto wetu Claire. Odile hanisemeshi, ila kuniambia kwamba mawese hayatoki kwenye nguo. Kazi yangu mpya ni kuzichovya bolti zote, za safu zote mbili.

Leo Masudi ameniita. Ijumaa akienda kuswali, nishike mimi funguo za ghala. Amesema mtu akishakosea mara moja anapata akili. Machozi yalinilengalenga. Ni kweli kabisa! Nilikosea vibaya, na nimejifunza.

Nikatoka pale mbio mpaka kwa Kasimu, fundi cherehani. Nimemwagiza suruali nyeusi. Nimemsihi iwe tayari kesho.