Saa Mbili ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa kemia anataka msaidizi wa utafiti. Mmoja tu! Atakayetangulia kumpelekea hesabu kamili ya molekuli yake, ndiye. Tumebaki wawili: mimi na Miwani, binti asiyekosea hata nukta. Kompyuta kubwa ya chuo ni moja, inagombaniwa na idara nzima. Shangazi nimeshamwambia nafasi ni yangu. Ameshautangazia ukoo.

Jumanne, 4 Machi
Zamu zimebaki mbili, zote Alhamisi: saa nane usiku na saa mbili asubuhi. Asiyefika, imekula kwake. Nikajitolea kujaza fomu kwa niaba yetu sote. Miwani akashukuru, akasema hakujua nina moyo huo. Hata mimi sikujua. Fomu inataka tarakimu tu. Nikajiandikia 2, yeye nikampa 8. Alale salama! Kompyuta ikatutumia ujumbe wa zamu zetu. Wangu sikuufungua. Ya nini kusoma ninachokijua?

Alhamisi, 6 Machi
Nimefika saa mbili kasoro robo, nywele nimechana. Kiti kina mtu. Miwani! Nikamweleza kwa upole kwamba amekosea zamu. Fundi wa kompyuta akacheka mpaka akashika meza. Kumbe mashine haijui saa zetu: 2 yake ni saa nane usiku, 8 yake ni saa mbili asubuhi. Zamu yangu imepita nikikoroma! Fundi akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui visima vimeingiaje hapa. 

Ijumaa, 7 Machi
Miwani kapata nafasi. Aliponiona nimenywea akamwomba mwalimu anichukue niwe msaidizi wa msaidizi, mradi nilete hesabu yangu Jumanne. Mwalimu kakubali. Machozi yalinilenga. Shangazi nimemwambia cheo kimerefushwa.

Jumamosi, 8 Machi
Miwani ana molekuli ya pili. Akinizidi tena, nitabaki msaidizi wa msaidizi mpaka nizeeke. Zamu za Jumatatu ni zilezile mbili. Nikajitolea kujaza fomu. Miwani akanitazama juu ya miwani, akatabasamu, akaniachia. Safari hii sinaswi! Nimejiandikia 8, yeye 2.
Fundi amebandika tangazo refu mlangoni: MABADILIKO YA SAA ZA FOMU. Alikuwa ananiita nilisome, nikampungia mkono. Habari za saa anieleze mimi?